Ushahidi wa Damu: Habari za Buba katika Nchi Zetu

Mtu afunguapo kitabu cha Jubilei hutazamia kusoma habari za makanisa yaliyojengwa, za mapadre waliofika kwa miguu kutoka pwani, na za shule zilizoanza chini ya mwembe. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine. Sisi twapenda kueleza jambo ambalo wazee wetu walilijua kuliko vijana wa leo, nalo ni ugonjwa wa buba, na jinsi wataalamu walivyojifunza kuiuliza damu ya mtu kama imepata kuguswa nao. Tumeona yafaa mambo haya yaandikwe humu, kwa kuwa misheni za Afrika ya Mashariki zilihusika nayo tangu mwanzo. Tena kwa kuwa taifa zima liliwahi kutiwa aibu kubwa kwa sababu ya vidonda ambavyo hakuna aliyevifahamu vema.

Buba ni ugonjwa wa ngozi na mifupa, na hasa ni ugonjwa wa watoto. Hukaa katika nchi za joto zenye mvua nyingi, katika vijiji ambavyo maji ya kuogea ni haba na watoto hulala wamebanana juu ya mkeka mmoja. Mtoto mwenye kidonda akimgusa mwenzake penye mchubuko, vijidudu huingia. Baada ya wiki chache hutokea uvimbe mmoja, nao hupasuka na kuonekana mwekundu wenye vinundu, mfano wa tunda la forsadi. Kisha vidonda vingine hutapakaa mwilini. Nyayo hukakamaa na kupasuka, hata mgonjwa huenda upande kama kaa. Asipotibiwa, vidonda hupona vyenyewe baada ya muda, walakini ugonjwa haukuondoka, umejificha tu. Kwa wengine hurudi tena na tena. Kwa wachache, miaka mingi baadaye, huila mifupa: muundi hupinda kama jambia, na pua na kaakaa huliwa hata mtu hawezi kusema vizuri.

Tena yako mambo mawili ambayo twamwomba msomaji ayashike, kwa maana tutayarudia. Buba haienezwi kwa zinaa. Wala si desturi yake kumfikia mtoto akali tumboni mwa mama yake.

Buba ina ndugu, na ndugu huyo ni kaswende. Kaswende huenezwa kwa zinaa, huingia kwa mtoto tumboni, na huua watoto wengi kabla hawajazaliwa. Kijidudu cha kaswende kilionekana kwa mara ya kwanza katika mwaka wa 1905 mjini Berlin, nao waliokiona ni Schaudinn na Hoffmann. Mwaka ule ule Aldo Castellani, mganga wa Kiitalia, alikiona kijidudu cha buba katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. (Castellani hakuwa mgeni wa nchi zetu. Alifika Uganda mwaka wa 1902 pamoja na wajumbe waliotumwa kuchunguza malale, na huko Entebbe aliviona vijidudu vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa.) Ukiviweka chini ya hadubini vijidudu vya buba na vya kaswende, huwezi kuvipambanua kabisa. Vyote viwili ni vyembamba kama uzi uliosokotwa, vyazunguka na kujikunja kwa namna moja. Yuko na ndugu wa tatu, ambaye hukaa katika nchi kame. Waarabu humwita bejel. Huyu naye huenea utotoni, kwa midomo na kwa vikombe vya kunywea, pasipo zinaa.

Sasa twende Uganda. Mwaka wa 1907 Serikali ya Uingereza ilimpeleka huko Kanali F. J. Lambkin, mganga wa jeshi, mtu aliyesifiwa kwa ujuzi wake wa kaswende na kwa dawa yake ya zebaki iliyochomwa kwa sindano. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 1908, nazo zilishtua watu wengi. Alisema ya kuwa kaswende imeenea katika nchi ile kupita kiasi, na ya kuwa katika Buganda wenye ugonjwa huo ni kama 80 katika kila watu 100. Kisha akataja sababu. Ya kwanza aliyoitaja ilikuwa Ukristo. Maoni yake yalikuwa haya: dini mpya imeondoa desturi ya kuwafungia na kuwalinda wanawake, nao sasa waenda watakako. Sababu nyingine ni kukomeshwa kwa adhabu kali za watawala wa kale, na kufunguliwa kwa nchi kwa wafanyi biashara.

Twaona neno hili lilikuwa zito kwa Waganda na kwa makanisa pia. Watu wengi wa Buganda walikuwa wamebatizwa kwa muda usiozidi miaka thelathini. Baadhi ya ndugu zao walikuwa wameuawa kwa imani yao katika miaka ya 1885 hata 1887. Na sasa waambiwa ya kuwa ni taifa la wazinzi, tena dini yao ndiyo iliyowapotosha. Dakta Albert Cook, aliyeianzisha hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, hakukubali kwamba Ukristo ndio chanzo. Lakini juu ya wingi wa kaswende yeye mwenyewe hakuwa na shaka, na vifo vya watoto wachanga aliviona kuwa ni kazi yake. Kwa sababu hiyo yeye na mkewe Katharine walianzisha shule ya wakunga karibu na mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, nayo iliwafaa akina mama wengi, iwe sababu yake ilikuwa kweli tupu au nusu ya kweli. Hospitali ya Mulago nayo, iliyoanzishwa mwaka wa 1913, ilianza kwa ajili ya magonjwa ya zinaa na malale. Katika miaka ile wanaume kwa wanawake walilazimishwa kukaguliwa miili yao, na watu walilichukia sana jambo hilo.

Je, Lambkin alijuaje? Alitazama kwa macho na kuuliza kwa maneno. Aliona vidonda, makovu, pua zilizoliwa na mifupa iliyopinda. Lakini mambo hayo yote buba nayo huyafanya, na ndugu yake wa tatu pia. Baadaye J. N. P. Davies, aliyefundisha elimu ya magonjwa huko Makerere, aliandika katika mwaka wa 1956 juu ya historia ya kaswende ya Uganda. Hakukubali kwamba ugonjwa ule ulikuwa mgeni aliyeingia juzi. Aliona dalili za kuwa kaswende ya utotoni, isiyo ya zinaa, ilikuwako Buganda tangu kale. Na Megan Vaughan, mwandishi wa historia, katika kitabu chake cha mwaka wa 1991 alionyesha jinsi magonjwa haya yalivyochanganywa, na jinsi hofu ya Wazungu juu ya wanawake wa Kiafrika ilivyoingia katika hesabu za waganga. Hatusemi ya kuwa kaswende ya zinaa haikuwako Uganda. Ilikuwako. Twasema ya kuwa hesabu ile ya 80 kwa 100 haikusimama juu ya msingi.

Msomaji ataka kuuliza: kama Lambkin angalikuwa na kipimo cha damu, je, asingaliokoka na kosa hili? Swali ni zuri, maana kipimo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuvumbuliwa mwaka mmoja kabla ya safari yake.

Mwaka wa 1906, mjini Berlin, August von Wassermann pamoja na Albert Neisser na Carl Bruck walitangaza njia ya kuipima damu ili kujua kama mtu ana kaswende. Yafaa tueleze namna yake, kwa kuwa ni jambo la kustaajabisha, na walimu waweza kuwaeleza wanafunzi wao wakubwa.

Vijidudu viingiapo mwilini, mwili hutengeneza vitu vya kupigana navyo, ambavyo siku hizi huitwa kingamwili. Kingamwili hushika adui yake kama kufuli ishikavyo ufunguo wake. Huwezi kuziona kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida, kwa hiyo yakupasa kutafuta hila ya kuzifanya zijionyeshe. Wassermann alichukua damu ya mgonjwa, akaiacha igande, akayateka maji yake ya manjano. Maji hayo huwekwa katika moto wa digrii 56 kwa muda wa nusu saa, ili kukiua kitu kimoja dhaifu kilichomo kiitwacho komplementi. Kazi ya komplementi ni kupasua: kingamwili ikimshika adui, komplementi huja kummaliza. Basi ikiisha kuuawa ile ya mgonjwa, hutiwa nyingine iliyopimwa, itokayo katika damu ya simbilisi. Hutiwa na dawa iliyotolewa katika ini la mtoto aliyekufa kwa kaswende, ambalo lilijaa vijidudu. Kama mgonjwa anazo kingamwili, zitaishika dawa ile, na komplementi yote itatumika hapo. Kama hanazo, komplementi itabaki bure ndani ya chupa.

Lakini utajuaje kama imetumika au imebaki? Hapo hutiwa damu ya kondoo, ambayo chembe zake zimekwisha kushikwa na kingamwili za sungura. Komplementi ikiwa imebaki, hupasua chembe za kondoo, na maji yote huwa mekundu maangavu. Ikiwa imekwisha, chembe hazipasuki, bali huzama zikalala chini, na maji yaliyo juu ni safi. Basi maji mekundu ni habari njema kwa mgonjwa, na maji safi ni habari mbaya. Wanyama watatu na maiti ya mtoto mchanga walihitajiwa ili mtu mmoja ajibiwe swali lake.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwaka wa 1907 wengine, miongoni mwao Karl Landsteiner, walijaribu kutumia viungo vya wanyama wazima wasio na ugonjwa wo wote, na kipimo kikajibu vile vile! Moyo wa ng'ombe ulifaa sawasawa na ini la mtoto yule. Kumbe damu haikuwa ikimshuhudia kijidudu mwenyewe, bali ilikuwa ikijibu kitu cha mafuta kilichomo katika miili ya wanyama na watu. Kitu hicho kilitambuliwa na Mary Pangborn huko Marekani mwaka wa 1941, akakitoa katika moyo wa ng'ombe. Jina lake ni kadiolipini. Kwa sababu hiyo watu wenye ukoma wa vidonda vingi, na pengine wenye malaria, damu zao ziliweza kusema ndiyo, hali hawana kaswende. Fikirini basi maana ya kipimo hicho katika nchi kama zetu, ambamo malaria ilikuwa katika kila nyumba.

Na zaidi ya hayo, damu ya mwenye buba nayo ilisema ndiyo. Waganga waliokaa katika nchi za joto hawakukawia kuligundua jambo hilo. Kijidudu cha buba na cha kaswende vyafanana hata mwili wa binadamu hauoni tofauti. Elimu ya siku hizi imetupa sababu: urithi wa vijidudu hivi viwili ulipolinganishwa herufi kwa herufi, walikuta kwamba tofauti haifiki mbili katika elfu. Basi jibu la swali letu ni hili: Lambkin angalikuwa na kipimo cha Wassermann, angalipata hesabu kubwa vile vile, na pengine angaliiamini zaidi, kwa kuwa imetoka katika chupa.

Hapo ndipo penye neno ambalo twataka wasomaji wetu walifahamu sana. Damu huweza kusema ya kuwa mgeni amepita hapa. Haisemi aliingia kwa mlango gani, wala huyu ni yupi katika ndugu watatu. Mtoto wa miaka sita aliyelala mkeka mmoja na dada yake mwenye kidonda, na mtu mzima aliyekwenda kwa kahaba, damu zao zatoa jibu moja.

Tukiyaacha hayo, twaja kwenye habari ya furaha. Paul Ehrlich na Sahachiro Hata walitoa dawa yao ya 606, Salvarsani, mwaka wa 1910, na mara ikaonekana ya kuwa buba hupona kwa dawa hiyo upesi kupita kaswende. Lakini bei yake ilikuwa kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja dawa rahisi ya madini ya bismuthi, na katika miaka ya 1920 sindano zake zilichomwa kwa maelfu katika Kenya na Tanganyika, katika hospitali za Serikali na za misheni pia. Mtu aliyekuja akichechemea alirudi kwao baada ya wiki moja au mbili ngozi yake ikiwa safi. Watu waliokuwa wakiiogopa hospitali walitembea siku nyingi kuifuata sindano. Wengi walioandika historia ya uganga katika nchi zetu husema kwamba imani ya watu katika sindano, ambayo ingaliko, ilizaliwa siku zile.

Walakini waganga walinung'unika, kwa maana wagonjwa hawakurudi kuchomwa mara ya pili na ya tatu. Kidonda kimekauka, tena arudie nini? Nasi hatuwezi kuwalaumu. Mtu mwenye shamba la kupalilia hatembei siku mbili kwa ajili ya ngozi iliyopona. Ila damu yake ilikuwa bado yasema ndiyo, na baada ya miezi vidonda vilirudi kwa wengine, na watoto wengine wakaambukizwa.

Penisilini ndiyo iliyobadili mambo. Ilijaribiwa juu ya kaswende huko Marekani mwaka wa 1943, na baadaye ikapatikana ile ikaayo mwilini muda mrefu, hata sindano moja ikatosha. Tangu mwaka wa 1952 hata 1964 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walipita katika nchi 46, wakatibu watu wapatao milioni 50. Na katika kazi hiyo kipimo cha damu, ambacho kilikuwa kimewadanganya wengi juu ya mtu mmoja mmoja, kilipata kazi inayokifaa. Hakikuulizwa tena kama fulani ni mzinzi. Kiliulizwa habari za kijiji kizima. Walipowapima watoto wasio na kidonda cho chote, walikuta wengi ambao damu zao zimeguswa. Kwa kila mtoto mwenye kidonda walikuwako wengine kadhaa waliouficha ugonjwa pasipo kujua. Kwa hiyo ikaamriwa wasitibiwe wenye vidonda tu, bali na waliokaa nao, na mahali penye ugonjwa mwingi watibiwe wote. Mmoja wa walioifikiri njia hiyo ni Cecil Hackett, ambaye aliwahi kuichunguza mifupa ya wenye buba katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda, na kitabu chake juu yake kilichapishwa mwaka wa 1951.

Ugonjwa ulipungua sana, kisha watu wakalegea. Kufika mwaka wa 1978 Mkutano wa Afya wa Dunia ulilazimika kuonya kwamba buba yarudi, hasa katika Afrika ya Magharibi.

Nchi iliyotuonyesha matumizi mazuri ya damu ni India. Mgonjwa wa mwisho wa buba alionekana huko mwaka wa 2003. Lakini kutoonekana si kutokuwako. Huenda mgonjwa amejificha msituni. Basi wakapima damu za watoto wadogo wasiofika miaka mitano. Twaomba msomaji aione hekima ya jambo hili. Mzee akipimwa, damu yake itasimulia habari za miaka hamsini iliyopita. Mtoto wa miaka mitatu hana historia ndefu. Akiwa na alama ya buba, basi aliipata juzi, na ugonjwa ungali ukitembea. Watoto wakiwa safi wote, mwaka baada ya mwaka, umekoma. Damu za watoto wa India zilionekana safi, na mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani likaitangaza nchi ile kuwa haina buba tena.

Siku hizi dawa ya kumeza imeonekana kufaa. Mwaka wa 2012 Oriol Mitjà na wenzake walionyesha, huko Papua New Guinea, kwamba azithromisini iliyomezwa mara moja huponya buba sawa na sindano ya penisilini, ijapokuwa baadaye walionekana wagonjwa wachache ambao vijidudu vyao vimeishinda dawa hiyo. Kipimo nacho kimekuwa chepesi. Tone la damu ya kidole hutiwa katika kipande kidogo cha plastiki, na mistari miwili hutazamwa. Mstari mmoja huonyesha kingamwili za kijidudu mwenyewe, ambazo kwa kawaida hukaa maisha yote. Wa pili huonyesha zile za kadiolipini, ambazo hupungua mtu akiisha kupona. Mistari yote miwili ikitokea, yaelekea ugonjwa uko sasa. Ukitokea wa kwanza peke yake, yaelekea ni habari ya zamani. Hata hivyo haitoshi, maana katika kisiwa cha Lihir, huko huko Papua New Guinea, iligunduliwa ya kuwa vidonda vingi vilivyodhaniwa kuwa vya buba vilitoka kwa kijidudu kingine, Haemophilus ducreyi. Na mtoto mwenye kidonda hicho aweza kuwa na damu iliyoguswa na buba ya mwaka jana.

Jambo jingine limeonekana karibu nasi. Nyani wa Ziwa Manyara, na nyani na tumbili wa mbuga nyingine za Tanzania, wamekutwa na kingamwili hizo, na vijidudu vyao vimeonekana kuwa jamii moja na vya buba. Haijathibitishwa kwamba mtu ameambukizwa na nyani. Lakini aliye na mbuga jirani na kijiji chake ataelewa kwa nini wataalamu wanalifuatia jambo hili.

Turudi kwa wazee wetu. Wako watu waliougua buba utotoni, wakapona, wakasahau. Uzeeni huenda hospitali kwa ajili ya macho au moyo, damu yao hupimwa, na jibu huja: ndiyo. Huko Uingereza waganga wamekutana mara nyingi na jambo hili kwa watu waliozaliwa katika visiwa vya Karibi, nao wamejifunza kuuliza kwanza habari za utoto kabla ya kutaja kaswende. Bibi wa miaka themanini aliyekaa na mume mmoja maisha yake yote aweza kuvunjiwa nyumba yake kwa neno moja la kijana mwenye karatasi mkononi. Mwalimu au mzee wa kanisa akiletewa shauri la namna hii, na aulize: mlizaliwa wapi, na je, kulikuwako buba kwenu?

Siku hizi, kidonda kikiwa kibichi, wataalamu waweza kuchukua majimaji yake na kuusoma urithi wa kijidudu, wakajua kwa hakika ni ndugu yupi. Damu peke yake bado haiwezi kulisema hilo. Waganda wale wa mwaka wa 1908 hawakupimwa kwa njia hii wala ile, na vidonda vyao vimezikwa pamoja nao. Hesabu ya 80 kwa 100 ingali katika vitabu, imeandikwa na mganga aliyetazama ngozi zao.